Mandhari za Marekani: Somo kwa Anayekwenda na kwa Anayebaki



Kila mwaka wapo wenzetu wanaobahatika kupata ufadhili wa masomo, mafunzo ya miezi michache au kambi ya vijana huko Marekani. Hata kabla hawajarudi, simu zetu hujaa picha zao: mmoja amesimama mbele ya maporomoko, mwingine kakaa ukingoni mwa bonde lisilo na mwisho, wa tatu kachutama karibu mno na nyati. Picha ni nzuri. Lakini ukimuuliza mwenye picha mahali pale palipataje kuwa vile palivyo, nani aliishi pale zamani, na kwa nini maji yale yana rangi ile, jibu mara nyingi ni "pazuri sana, wallahi", basi.

Somo la toleo hili ni la kumsaidia anayekwenda ajue anatazama nini. Ni la anayebaki pia, tena huenda likamfaa zaidi. Sisi wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo tunaishi jirani na hifadhi za taifa ambazo mfano wake ulitoka kule, na ulipokuja ulikuja na mazuri yake na dhuluma zake pamoja.

Niagara: maporomoko yenye koki

Tuanze na Niagara, kwa kuwa kabla ya treni kufika magharibi ndiko watalii walikokimbilia. Mto Niagara unatoka Ziwa Erie kwenda Ziwa Ontario, mpakani mwa Marekani na Canada. Katika safari hiyo fupi unaanguka kwenye mwamba kwa maporomoko matatu. Makubwa kabisa ni yale yenye umbo la kiatu cha farasi, ambayo kimo chake ni mita hamsini na kidogo tu. Maporomoko mengi duniani yanayapita kwa urefu. Sifa ya Niagara ni wingi wa maji.

Katikati ya karne ya 19 ardhi ya kandokando, upande wa Marekani, ilikuwa mali ya watu binafsi. Viwanda vilijengwa ukingoni kabisa ili vitumie nguvu ya maji, na aliyekuwa na kiwanja chenye mwonekano mzuri alijenga uzio akatoza kiingilio. Mgeni alilipa kuingia, akalipa kushuka ngazi, akalipa kuonyeshwa, na njiani akavutwa mikono na wenye magari ya farasi. Ilifika mahali ambapo upande ule huwezi kuyaona maporomoko bila kufungua mkoba. (Aliyewahi kushuka na mzigo katika stendi yoyote kubwa ya kwetu hahitaji maelezo zaidi.)

Waliokerwa na hali hiyo walianzisha kampeni ya kuyakomboa maporomoko. Miongoni mwao walikuwemo Frederick Law Olmsted, mbunifu wa bustani za miji, na mchoraji Frederic Church. Iliwachukua miaka. Mwaka 1885 jimbo la New York lilinunua ardhi ile, likabomoa majengo na kulifungua eneo kwa watu wote. Hadi leo anayefika kwa miguu upande wa jimbo hilo haulizwi tiketi ya kutazama maji. Analipa mwenye gari la kuegesha, na anayetaka kupanda boti.

Mpaka hapo ni hadithi ya kufurahisha. Lakini miaka kumi baadaye ulikuja umeme. Mwaka 1895 mitambo iliyotumia mfumo wa Nikola Tesla na kampuni ya George Westinghouse ilianza kuzalisha, na mwaka 1896 umeme wa Niagara ukawasha mji wa jirani wa Buffalo. Hesabu yake haina siri: lita inayopita kwenye mtambo haipiti kwenye maporomoko. Ilipoonekana kwamba nchi zote mbili zingeweza kuyanywa maporomoko mpaka yakakauka, Marekani na Canada ziliwekeana mkataba mwaka 1950. Mkataba unasema kwamba mchana, katika majira ya watalii, yaachiwe kupita si chini ya futi za ujazo 100,000 za maji kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 2,800. Usiku, na katika miezi ya baridi, nusu ya hizo.

Kwa maneno mengine, yale "maumbile" yanayopigwa picha yana koki, na kuna watu kazini wanaoifungua asubuhi na kuipunguza usiku. Mwaka 1969 wahandisi wa jeshi walikwenda mbali zaidi: walijenga bwawa la muda wakayakausha kabisa maporomoko ya upande wa Marekani kwa miezi kadhaa ili wachunguze miamba yake. Watu walikuja kwa wingi kutazama maporomoko yasiyo na maji.

Sasa njoo Jinja. Maporomoko ya Ripon, pale Nile ilipokuwa ikitoka ziwani, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Bujagali nayo ilimezwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Sisemi kwamba tungekaa gizani. Makala hii yenyewe inachapwa kwa umeme huo. Ninachotaka mwanafunzi wa uhandisi na wa sheria akione ni jinsi jambo lilivyoamuliwa. Niagara walikaa mezani wakaandika tarakimu: maji kiasi hiki ni ya mitambo, kiasi hiki ni ya macho ya watu. Uzuri uliingizwa kwenye hesabu, na ukishaingizwa kwenye hesabu unaweza kudaiwa mahakamani. Kwetu mara nyingi uzuri hubaki kwenye hotuba ya ufunguzi.

Yosemite: bonde lililokuwa na wenyewe

Yosemite iko California, katika milima ya Sierra Nevada. Ni bonde lenye kuta za mwamba mtupu; mmoja wa miamba hiyo, El Capitan, unapanda takriban mita 900 moja kwa moja kutoka sakafu ya bonde, na wapo watu wanaoukwea kwa kamba siku kadhaa wakilala wamening'inia. Maporomoko ya Yosemite yana jumla ya mita 739. Kusini ya bonde kuna msitu wa Mariposa wenye misekoya, miti minene kiasi kwamba vijana kumi wakishikana mikono huenda wasiuzunguke mmoja.

Tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde hilo pamoja na msitu wa Mariposa kwa jimbo la California, ili pawe pa watu wote kupumzikia daima. Haijapata kutokea kabla yake kwamba serikali ya nchi ile itenge ardhi ya pori kwa sababu tu ni nzuri. Mwaka huohuo wa 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika penye maporomoko ya Nile, huku kwetu, akayapachika jina la Murchison, mkuu wa jumuiya ya wanajiografia huko London. Shika mwaka huo, msomaji, tutaurudia.

Bonde la Yosemite halikuwa tupu. Waliishi humo Ahwahneechee, watu waliosaga mbegu za mwaloni kuwa unga, kama bibi zetu wanavyosaga mtama, na kuchoma nyasi kwa mpango ili mbuga za bondeni zibaki wazi. Wachimba dhahabu walipofurika California, ugomvi wa ardhi ulizuka, na mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kiliingia bondeni kuwatoa. Nyumba na akiba za chakula zilichomwa. Mmoja wa watu wa kikosi hicho, Lafayette Bunnell, aliandika baadaye aliyoyaona. Anasimulia kwamba kando ya ziwa moja la juu mlimani alimwambia mzee Tenaya, kiongozi wa watu wale, kuwa ziwa hilo sasa litaitwa kwa jina lake. Mzee hakushukuru. Alijibu kwamba ziwa lina jina tayari, na maana yake ni miamba inayong'aa. Bunnell akamfafanulia: litaitwa jina lako kwa sababu hapa ndipo tulipowakamata watu wako, nao hawatarudi kuishi hapa tena.

Ukifungua ramani leo utaona Tenaya Lake. Mtalii anayeisoma anadhani mzee aliheshimiwa.

Baadhi yao walirudi bondeni. Walifanya vibarua kwenye hoteli, wakauza vikapu, wakapangiwa kijiji kimoja. Familia ikiondoka nyumba yake inabomolewa. Nyumba za mwisho zilichomwa mwaka 1969 katika mazoezi ya kuzima moto. Wakati wote huo dunia ilikuwa ikiletewa picha za Yosemite zisizo na mtu hata mmoja, mabonde na mawingu tu, mpaka ikaaminika kwamba pori halisi ni lile lisilo na binadamu. Na moto wa wenyewe ulipokatazwa, miti ilisongamana, mbuga zikaliwa na msitu, na moto wa bahati mbaya ukipata nafasi ukawa mkali kuliko zamani. Wataalamu wa misitu walichukua karibu karne nzima kukubali kwamba wale waliofukuzwa walikuwa wakilitunza bonde.

Ndani ya hifadhi hiyohiyo kulikuwa na bonde la pili, Hetch Hetchy, ambalo mwandishi John Muir alilipigania kwa miaka. Alishindwa. Mwaka 1913 bunge liliruhusu lizibwe, na bwawa lilikamilika mwaka 1923 ili kuupatia maji mji wa San Francisco. Liko chini ya maji hadi sasa.

Kuna mtu mmoja wa historia hii ambaye wenzetu wanaokwenda California hawamsikii mara nyingi. Kabla ya mwaka 1916 Marekani haikuwa na idara ya hifadhi za taifa, hivyo hifadhi zililindwa na jeshi, na miaka kadhaa waliotumwa Yosemite na Sequoia walikuwa askari weusi wapanda farasi. Majira ya joto ya 1903 hifadhi ya Sequoia iliwekwa chini ya Kapteni Charles Young, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Kentucky, mwaka uleule wa 1864. Alikuwa mtu mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Barabara ya kufika kwenye msitu mkubwa wa misekoya ilikuwa imesuasua miaka mingi. Yeye na vijana wake waliikamilisha katika msimu mmoja. Baadaye alitumwa Liberia, akafariki Lagos mwaka 1922.

Usidhani kwamba kuanzia hapo milango ilikuwa wazi. Mwaka 1939, miaka 36 baada ya Young, hifadhi ya Shenandoah jimboni Virginia ilifungua sehemu iitwayo Lewis Mountain kwa ajili ya watalii weusi peke yao. Na tangu 1936 tarishi wa Harlem, Victor Hugo Green, alikuwa akichapisha kitabu cha kumwonyesha msafiri mweusi hoteli na vituo vya mafuta ambako hatafukuzwa. Hadi leo wageni weusi ni wachache kwenye hifadhi hizo kuliko idadi yao nchini. Mwenzetu anayepanda njia ya mlimani akajikuta peke yake mwenye rangi yake asishangae sana. Asirudi nyuma pia. Barabara ile ina jasho la watu wake.

Yellowstone: kutoka chemchemi hadi maabara

Yellowstone ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Ilitangazwa tarehe 1 Machi 1872 kwa saini ya Rais Ulysses Grant. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000, nyingi zikiwa katika jimbo la Wyoming, na sehemu yake kubwa iko juu ya volkano. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea takriban miaka 640,000 iliyopita, lakini joto bado liko chini. Ndiyo sababu zaidi ya nusu ya chemchemi zote duniani zinazorusha maji juu ziko huko.

Zinafanyaje kazi? Maji ya mvua na theluji huzama ardhini hadi kwenye mwamba wa moto. Kwa kuwa juu yake kuna nguzo ya maji mengine inayoyakandamiza katika mfereji mwembamba, hayachemki hata yakipita nyuzi 100, kama vile maji ndani ya jiko la presha. Yakiendelea kupata joto, mapovu machache husukuma maji ya juu nje kidogo. Mara mzigo unapungua, kandamizo linashuka, na maji yote yaliyokuwa yamebanwa yanageuka mvuke kwa pamoja. Kinachofuata ndicho watu wanachopigia makofi. Ile maarufu, Old Faithful, hurusha kila baada ya saa moja na nusu hivi, mita 30 hadi 55 kwenda juu. Walinzi hubandika makadirio ya mrusho unaofuata.

Chemchemi nyingine hazirushi, zinatulia kama bakuli, na hizi mimi naziona zina somo kubwa zaidi. Grand Prismatic ina upana wa mita 100 na ushee. Katikati ni buluu, pembeni kijani, kisha njano, kisha rangi ya chungwa. Rangi za pembeni ni viumbe hai: bakteria, kila kundi likikaa pale joto linapolifaa.

Mwaka 1966 mtaalamu Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze, ambaye alikuwa bado hajapata hata shahada ya kwanza, walichukua sampuli kwenye chemchemi moja ya Yellowstone na kukuta bakteria anayestawi kwenye nyuzi 70. Walimpa jina Thermus aquaticus. Kwa miaka mingi ilikuwa habari ya wachache. Kisha mwaka 1983 Kary Mullis alibuni PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi ndani ya kijichupa. Shida ya njia hiyo ilikuwa hii: ili nyuzi mbili za DNA ziachane inabidi kupasha joto hadi kama nyuzi 95, na kila ukipasha, kimeng'enya kinachonakili kinakufa, inabidi utie kingine. Kimeng'enya cha bakteria wa Yellowstone hakifi. Kilipotiwa, kazi ikawa ya mashine. Mullis alipata tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Kipimo cha PCR ndicho kilichotumika kwa mamilioni wakati wa korona, na ndicho kinachotumika Entebbe na Goma kuthibitisha Ebola. Ukiwa mwanafunzi wa udaktari au wa maabara, uzi mmoja wa kazi yako unatoka kwenye dimbwi la moto ambalo mtalii wa kawaida hulipita akitafuta choo.

Hapa pana jambo la fedha ambalo wanafunzi wa sheria wanapaswa kulijua. Haki za PCR ziliuzwa kwa kampuni moja ya dawa kwa dola milioni 300. Hifadhi ya Yellowstone haikupata hata senti moja. Ni mfano unaotajwa sana kila wanapojadili nani anufaike na viumbe wa mahali fulani, na suala hilo liliwekewa mkataba wa kimataifa huko Nagoya mwaka 2010. Sasa jiulize kuhusu Sempaya, ndani ya hifadhi ya Semuliki, ambako wageni wetu huchemsha mayai kwenye chemchemi wakacheka na kupiga picha. Nani anachunguza kinachoishi ndani ya maji yale? Chuo chetu au cha mtu mwingine? Na kikipatikana kitu, hati itaandikwa jina la nani?

Yellowstone inadai adabu. Zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua katika maji yake; ardhi ya kandokando ni ganda jembamba, na chini yake panachemka. Njia za mbao zimewekwa kwa sababu hiyo, usizitoke hata hatua moja kwa ajili ya picha. Chemchemi iitwayo Morning Glory ilikuwa ya buluu tupu. Watu wamerusha sarafu na takataka mpaka matundu yake yakaziba, joto likapungua, bakteria wa njano na kijani wakasogea katikati. Inajulikana kwamba rangi yake mpya ni kazi ya watalii.

Kwa wanyama, sheria ni mita 23 kutoka kwa nyati wa kule na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Nyati yule anaonekana kama ng'ombe aliyechoka lakini hukimbia mara tatu ya mwendo wako. Aliyekulia Kasese au Katwe, anayejua kumpisha kiboko barabarani, hana la kufundishwa; wanaoumizwa kila mwaka ni wale waliomzoea mnyama kwenye skrini.

Grand Canyon, kwa ufupi

Grand Canyon, jimboni Arizona, ni korongo lililochimbwa na mto Colorado: urefu kilomita 446, upana hadi kilomita 29, kina zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwamba wa chini kabisa una umri wa karibu miaka bilioni 1.8, lakini mto umeukata katika miaka milioni tano au sita tu ya mwisho. Kushuka ni rahisi na kunadanganya. Kupanda ndiko kunakoua, hasa kiangazi, chini kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 40. Walinzi wanaonya watu wasishuke hadi mtoni na kurudi siku moja. Wasikilize.

Ila usiondoke bila kujua habari ya Havasupai. Ni watu wa korongo hilo, nao walibanwa kwenye kipande kidogo. Walidai kwa miaka mingi, na mwaka 1975 bunge la Marekani liliwarudishia takriban hekta 75,000. Kijiji chao cha Supai kipo hadi leo ndani ya korongo la pembeni. Kinafikiwa kwa miguu, kwa mnyama au kwa helikopta, na barua bado zinashuka kwa nyumbu. Mwaka 2022 kituo kimoja cha wapandaji kilichoitwa bustani ya "Wahindi" kilibadilishwa jina rasmi kuwa Havasupai Gardens, kwa kuwa ndipo walipokuwa wakilima kabla ya kuondolewa.

Mfano ulivyotufikia

Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Ubelgiji alizuru Marekani, akatembezwa kwenye mandhari zao na kukutana na wanaozihifadhi. Miaka miwili baadaye Mmarekani Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York alikuja milima ya Virunga kuwinda sokwe wakubwa wa maonyesho. Aliwaua, akawatazama nyuso, akajuta, akaanza kuwashawishi Wabelgiji watenge mlima kwa ajili yao. Tarehe 21 Aprili 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga upande wa Congo na Volkano upande wa Rwanda. Akeley alirudi mwaka 1926, akafia kwenye mlima Mikeno, akazikwa hukohuko.

Sokwe wapo mpaka leo, na bila mpango ule huenda wasingekuwepo. Hilo lisemwe waziwazi. Lakini pamoja na wazo la kulinda lilikuja wazo la pori lisilo na mtu. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Batwa walitolewa msituni bila fidia ya maana, wakawa vibarua na maskwota pembezoni mwa ardhi ya babu zao. Ni Ahwahneechee tena, miaka 140 baadaye. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwatambua kuwa kundi lililodhulumiwa kwa kuondolewa kule na kutaka hatua za kuwafidia zipangwe. Wanaosema jambo hilo haliwezekani watazame Supai: sheria moja ya bunge, hekta zinazohesabika, na Grand Canyon bado ipo na watalii bado wanakuja.

Kiingilio na majira

Kwa miaka mingi Marekani ilimtoza mgeni sawa na mwenyeji. Tangu 1 Januari 2026 imebadilika: kadi ya mwaka ya hifadhi zote ni dola 80 kwa mkazi na dola 250 kwa asiye mkazi, na asiye mkazi bila kadi hiyo anaongezewa dola 100 kwa kila mtu katika hifadhi 11 zinazotembelewa zaidi, Yellowstone, Yosemite na Grand Canyon zikiwemo. Baadhi ya wenzetu wamelalamika. Tukumbuke kwamba kuwaona sokwe Rwanda ni dola 1,500 kwa mgeni, na huko Bwindi raia wa Afrika Mashariki hulipa sehemu ndogo ya anacholipa Mzungu. Mimi sioni ubaya wa mwenyeji kupunguziwa. Ubaya ni kwamba hata kile kidogo, wengi wa majirani wa msitu hawajawahi kukimudu. Anayeishi Marekani kwa masomo aulize mapema kama karatasi zake zinamhesabu kuwa mkazi, na abebe kitambulisho.

Likizo ya wanafunzi wengi wa kule ni Desemba. Mwezi huo barabara nyingi za Yellowstone zimefungwa kwa magari ya kawaida tangu mwanzoni mwa Novemba, na hazifunguliwi hadi katikati ya Aprili. Barabara ya juu ya Yosemite, inayopita penye Tenaya Lake, nayo huwa chini ya theluji, ingawa bonde lenyewe hufikika kwa gari lenye minyororo ya matairi. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko wazi mwaka mzima. Uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Kabale, na usiku wa Desemba maji ya chupa huganda. Koti la Kabale halitatosha, beba mawili.